Katibu wa Afya na Ngazi Yake

Kila mwananchi wa Shinyanga na Geita amjua mganga, na kila mama amjua mkunga. Lakini ni wangapi wamjuao Katibu wa Afya? Mtumishi huyu hashiki sindano wala haandiki dawa, hata hivyo mgonjwa hawezi kutibiwa vema mahali ambapo kazi yake imelala. Yeye ndiye mwenye kupanga watumishi na likizo zao, kutunza majalada, kuangalia majengo na magari, kusaidia kutayarisha makisio ya fedha, na kusikiliza malalamiko ya watu. Leo twapenda kusema juu ya cheo chake na ngazi anayopandia, kwa sababu jambo hili si la maofisi peke yake. Ni jambo la mgonjwa.

Katika zahanati za vijijini hakuna Katibu wa Afya. Huko Mganga Mfawidhi hutibu asubuhi, hujaza vitabu vya MTUHA mchana, na jioni huhesabu dawa na kuandika maombi ya kupeleka Bohari ya Dawa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, mzigo wa hesabu nao umeongezeka. Wengi wao walisomea kutibu malaria na kufunga majeraha; kuongoza watu na kutunza fedha hujifunza wakiwa tayari wamekwisha kabidhiwa madaraka.

Katika ukanda wa madini mzigo huo ni mzito zaidi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pembeni ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na kwingineko. Dhahabu ikitajwa mahali, watu hufurika kwa siku chache, nao wenyewe huita jambo hilo rashi. Zahanati iliyokadiriwa dawa kwa hesabu ya kijiji hujikuta inahudumia watu wa mji mzima. Maduara hubomoka, moshi wa zebaki huvutwa na watu, na ugonjwa wa kuhara huingia palipo na maji machafu. Dawa ikiisha wakati huo, lawama humwangukia muuguzi aliye dirishani. Lakini mara nyingi upungufu huo ulianza miezi mingi nyuma, mahali palipokosa mtu wa kuhesabu, kukadiria na kuonya mapema.

Serikali ililitambua jambo hili. Ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi na kuvipa nyota, toka sifuri hata tano. Katika upimaji wa mwaka 2015/16 vilikaguliwa vituo zaidi ya 6,900 nchini, na takribani theluthi moja havikupata nyota hata moja. Vilipopimwa tena mwaka 2017/18, visivyo na nyota vilikuwa takribani vinne tu katika kila mia. Nayo Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ndiyo iliyotangulia mwaka 2015 kuujaribu mpango wa malipo kwa ufanisi. Kituo kililipwa kwa wingi na ubora wa huduma zilizohakikiwa. Sehemu ya fedha ilikuwa motisha kwa watumishi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuboresha kituo. Mpango ulipoenezwa katika mikoa mingine, Geita ikiwamo, kituo kisicho na nyota hakikuruhusiwa kuingia.

Twajifunza nini hapo? Katika miaka miwili taifa haliwezi kupata waganga wapya wa kujaza kila kituo, wala kubomoa kila jengo na kulijenga upya. Lakini utaratibu waweza kubadilika. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilionyesha njia tangu mwaka 2007, ilipopokea maarifa ya Kijapani yanayofundishwa kwetu kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Manne ya kwanza mtu aweza kuyatimiza kwa juma moja, wakaguzi wakitarajiwa. La tano ndilo gumu. Kushikilia kwataka msimamizi aliyepo siku wakaguzi wasipokuwapo, mwenye ujuzi na mwenye moyo wa kubaki.

Atabakije, ikiwa ngazi yake haimpi sababu? Katibu wa Afya huanza Daraja la II, hupanda Daraja la I, kisha Mwandamizi, hata akafika Mkuu. Ngazi hiyo ni halali, nasi hatuipingi. Tunalosema ni kwamba miaka ya kazi na vyeti peke yake visitoshe kumpandisha mtu. Tuulize: vituo alivyovisimamia vilikuwaje alipofika, na vikoje sasa? Dawa zilipungua mara ngapi? Malalamiko ya wananchi yalijibiwa? Aliyestahimili Mwakitolyo na kuacha daftari safi asipitwe na aliyekaa mjini karibu na wenye kupandisha vyeo.

Pili, asipewe mtu kituo cha kuongoza kabla ya kufundishwa kuongoza. Chuo Kikuu Mzumbe kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya. Halmashauri zetu zitenge fedha za kuwapeleka masomoni waganga wafawidhi na wauguzi wenye kipaji hicho. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni za madini hupatana na halmashauri juu ya mipango ya kuihudumia jamii. Ni vema mipango hiyo ikasomesha wasimamizi pia. Jengo jipya lisilo na msimamizi ni ghala la vitanda.

Tatu, kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wanawakilishwa, ziulize mahesabu bila woga. Wanachama wetu walio katika kamati hizo wasigeuke wapiga muhuri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mwananchi aliyelipa mchango wake atakuja na kadi mkononi, naye atadai alicholipia. Akikuta rafu tupu, kadi ile haitamtibu.

Chama kilitufundisha zamani ya kuwa cheo ni dhamana. Katika kazi nyingine dhamana hiyo ni mali au fedha. Katika kazi hii ni uhai wa watu. Basi na apande anayeitunza, na asiyeitunza asipandishwe, hata kama miaka yake kazini ni mingi.