Mwalimu Mwenye Kishikwambi Mkononi Anafanya Nini?

Mzazi anayepita shuleni na kumkuta mwalimu ameinamia kishikwambi anaweza kudhani kuwa muda wa mtoto wake unapotea. Swali lake ni la haki, nalo linastahili jibu, hasa kwa wakazi wa Kashozi, eneo ambalo halikuanza jana kuthamini kalamu na kitabu: misheni yake ilifunguliwa mwaka 1892.

Vishikwambi vilikotoka

Vishikwambi vingi vilivyo mikononi mwa walimu vilitumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Kazi hiyo ilipokamilika, Serikali ilivielekeza kwa walimu ili viwasaidie kusoma, kuandaa masomo na kujiendeleza kitaaluma.

Kupitia vifaa hivyo, mwalimu huweza kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Aidha, hupata moduli za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Chini ya mpango huu, walimu hukutana shuleni kwao katika Jumuiya za Ujifunzaji, wakajadili mada zinazowatatiza na kusaidiana namna ya kuzifundisha.

Faida ya kushirikishana

Haja ya kushirikiana imeongezeka tangu mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika Januari 2024, kwani mwalimu mzoefu naye amelazimika kuandaa upya maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na zana.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Sayansi anayefundisha jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Anapiga picha za majani ya mgomba, anarekodi jaribio dogo kwa dakika tatu, kisha anavituma pamoja na andalio la somo katika kundi la walimu wenzake. Mwalimu wa shule ya jirani, isiyo na maabara, anavipokea jioni. Kesho yake wanafunzi wake wanaliona jaribio ambalo wangelisoma kwa maneno matupu. Naye akigundua kosa au njia iliyo rahisi zaidi, humrudishia mwenzake. Hivyo kazi ya mtu mmoja hunufaisha madarasa mengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo ya kuzingatia

Teknolojia haichukui nafasi ya mwalimu. Umeme hukatika, mtandao husuasua na bando hugharimu fedha. Kwa sababu hiyo, mwalimu makini hupakua anachokihitaji mapema na kubaki na ubao na chaki kama tegemeo lake. Vilevile, si kila kinachosambazwa mtandaoni ni sahihi. Kila andalio lililopokelewa sharti lilinganishwe na muhtasari wa somo kabla ya kuingia darasani.

Tahadhari nyingine inahusu watoto wenyewe. Picha, majina na alama za wanafunzi si zana za kufundishia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za kila mtu, mtoto akiwamo, na mzazi ana haki ya kuuliza taarifa za mwanawe zinatumikaje.

Nafasi ya mzazi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, ilidhihirika kuwa nyumba isiyo na kitabu humwacha mtoto nyuma. Leo, familia yenye simu janja moja inaweza kufungua Maktaba Mtandao kwa anwani ol.tie.go.tz na kumsomesha mtoto nusu saa baada ya chakula cha jioni, mzazi akiwa karibu. Wasio na simu hiyo wanaweza kupanga na jirani, ili watoto wa kaya mbili au tatu wasome pamoja.

Katika mikutano ya wazazi, tusiishie kuuliza kama walimu wana vishikwambi. Tuulize pia vinachajiwa wapi, bando linagharamiwa na nani, na ni somo gani watoto wamelielewa vizuri zaidi kwa sababu yake. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotuonyesha kama kifaa kimemfikia mwanafunzi au kimeishia mkononi mwa mwalimu.

Kwa maelezo zaidi, wananchi wanashauriwa kumwona Mwalimu Mkuu wa shule iliyo karibu au Afisa Elimu Kata.