Pumzi ya Injini na Mikono ya Mafundi Wetu

Kijana wa Ujiji akitamani gari lake dogo la mbio lipande milima ya Kasulu bila kutweta, wapo watakaomcheka. Sisi hatumcheki. Injini huvuta hewa kama mtu, na hata ziwa letu liko kadiri ya meta 770 juu ya bahari, mahali ambapo hewa imekwisha kuwa nyepesi. Dawa yake ni ya zamani: supachaja, yaani pampu izungushwayo na injini yenyewe kwa mkanda, ishindiliayo hewa ndani ya silinda. Mercedes waliuza magari ya namna hiyo tangu miaka ya 1920.

Kikwazo ni bei. Lakini pampu kuukuu hupatikana katika Mercedes zilizokufa, zile zilizoandikwa Kompressor. Yanayobaki, breketi, puli na mabomba, ni kazi ya mkerezaji na mchomeleaji. TANU ilipotangaza kujitegemea mwaka 1967, haikukusudia jembe peke yake.

Ila mzaha hapana. Hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi, la sivyo pistoni huyeyuka. Fundi apimaye kwa sikio tu atamrudishia mwenziwe chuma kilichoungua, na mshahara wa miezi umekwenda.