Kuishi si Kupumua Tu

Tumezoea kusema kwamba mgonjwa wa figo "anasafishwa damu". Usemi huu ni mwepesi ulimini, lakini hupotosha. Kitu kikisafishwa, kazi huwa imekwisha. Ilhali mgonjwa ambaye figo zake zimekufa, sumu na maji huanza kurundikana mwilini mwake tena mara tu mashine inapozimwa. Mashine haitibu figo; huzishikia zamu tu.

Willem Kolff alipounda mashine hiyo nchini Uholanzi mwaka 1943, na hata Belding Scribner wa Seattle alipovumbua mwaka 1960 njia ya kuiunganisha na mishipa mara kwa mara, swali kuu lilikuwa: je, mgonjwa ataishi? Siku hizi wataalamu wameongeza swali la pili: ataishi vipi? Naye mgonjwa mwenyewe ndiye huulizwa kuhusu usingizi, uchovu, kazi na matumaini yake.

Hapa Kenya, mashine zilianza kusambazwa katika hospitali za kaunti mwaka 2015, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kipimo cha kawaida duniani ni vikao vitatu kwa wiki, kila kimoja saa nne hivi. Bima yetu ya zamani, NHIF, ililipia viwili. Mgonjwa hupimiwa maji ya kunywa, huhadharishwa na ndizi na parachichi, na aghalabu hutoka mashineni akiwa hoi. Akiwa mwalimu, vipindi vyake vitafundishwa na nani?

Zipo njia nyingine. Usafishaji kupitia tumboni hufanywa na mgonjwa nyumbani kwake. Hong Kong imeutanguliza tangu mwaka 1985. Upandikizaji, uliofaulu kwa mara ya kwanza Boston mwaka 1954 baina ya ndugu pacha, ndio humrudishia mtu uhuru zaidi, japo atameza dawa siku zote. Lakini figo haiuzwi dukani. Hutolewa na jamaa, na wengi huogopa kwa kuwa hawajaelezwa kwamba mtu mwenye afya, akiisha kupimwa vyema, aweza kuishi kwa figo moja.

Kueleza ndiyo kazi yetu sisi walimu. Tuwafunze wanafunzi kwamba kisukari na shinikizo la damu huua figo kimyakimya. Naye mwalimu mkuu, kabla ya kupanga ratiba, amwulize mwenzake mgonjwa siku zake za mashine ni zipi.