Nyasi Huota Tena, Shule Haioti

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni ya kweli, ila imeacha jambo moja. Nyasi zikipata mvua huota tena zenyewe. Shule haioti, wala kijiji hakioti. Sharti apatikane wa kukubali kulipa gharama.

Tuutazame mji wa Caen, kaskazini mwa Ufaransa. Shule yake ya sekondari ya Malherbe, yenye jina la mshairi mzaliwa wa mji huo, ilifunguliwa zama za Napoleon katika makao ya watawa yaliyoasisiwa karne ya 11. Juni 1944, majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada yalipotua pwani ya huko kuwafukuza Wajerumani, mabomu yaliyouteketeza mji yalikuwa ya marafiki. Maelfu ya raia walikimbilia shuleni na katika kanisa la jirani. Shule ikageuka hospitali na kimbilio, na alama za msalaba mwekundu zikawekwa juu ya mapaa ili marubani wapaepuke mahali hapo.

Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya Caen ilikuwa kifusi, hata jumba la baraza la mji halikusalimika. Tarehe 28 Oktoba 1946 Ufaransa ikatunga sheria iliyokiri kwamba raia aliyepata hasara ya vita ana haki ya kufidiwa kikamilifu. Kazi ya kujenga ilichukua miaka mingi. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Malherbe walikwisha kupata shule mpya, na majengo yao ya kale yakawa makao ya baraza la mji. Shule iliyowahifadhi raia siku ya msiba ikauhifadhi na uongozi wao.

Msomaji wa Voi atauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani Taita Taveta nayo ilikuwa uwanja wa vita visivyokuwa vyake. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakaishikilia hadi Machi 1916. Mwaka 1915 walikiteka pia kituo cha Waingereza huko Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa ndio waliomwonyesha adui njia. Pasipo kutenga mwenye hatia na asiye na hatia, wakawahamisha watu wa Kasigau, wake kwa waume, wakongwe kwa watoto, hadi Malindi. Wengi walifia huko. Walionusurika na wazao wao walikaa ugenini miaka mingi. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo waliporejea mlimani kwao.

Serikali hiyo hiyo haikukosa chuma wala fedha za kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta. Askari waliokufa wana makaburi yanayotunzwa Voi, Taveta na Maktau, na watalii huja kuyazuru. Raia wa Kasigau waliozikwa Malindi hawakupata heshima ya namna hiyo. Huko Caen, taifa lilikiri deni lake kwa sheria. Hapa kwetu, aliyeadhibiwa bila kuhukumiwa aliachiwa pia mzigo wa kuanza upya.

Hatudai kwamba majengo ya Ufaransa yaletwe Rukanga au Bungule. Tunadai jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Kila shule ya sekondari katika kaunti hii na ifundishe habari za Kasigau kwa kirefu, kama inavyofundisha vita vya Ulaya. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016, na kikusanye masimulizi ya koo zilizohamishwa, majina ya waliofariki yakiwemo, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajatutoka. Na serikali zote mbili, yetu na ya Uingereza, zitamke wazi kwamba watu wale walidhulumiwa.

Kujenga upya si mawe na saruji pekee. Huanza siku mwenye deni anapokiri kuwa anadaiwa. Kasigau imeingoja siku hiyo zaidi ya miaka 100.