Saa ya Kalamu

Katika sehemu za Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, hawakosekani watu wapendao kuandika. Mwalimu ana daftari la hadithi za babu zake. Katekista ameanza habari za parokia yake. Mwanafunzi ameficha mashairi yake kati ya vitabu vya shule. Lakini ukiwauliza kazi imefika wapi, wote hutoa jibu moja: "Sina wasaa." Wala hawasemi uongo. Mwalimu ana watoto wengi darasani na shamba la kulima. Katekista ana mafundisho, wagonjwa na mazishi. Mama huamka kabla ya jogoo, tena hulala baada ya wote. Je, watu kama hawa waiweke kalamu mpaka siku za uzee?

Tufikiri kwanza hasara yake. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao ya biashara yake ya pembe na watumwa. Baadaye, katika uzee wake huko Unguja, aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, nazo zikapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hivyo mambo mengi ya Maniema ya wakati ule twayasoma kwa mkono wa tajiri aliyepata wasaa. Waliobebeshwa pembe zile, na waliotekwa katika vijiji vyao, hawakupata wasaa huo. Habari zao zilibaki midomoni mwa watoto na wajukuu.

Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 130, na kila mzee tunayemzika huondoka na sehemu ya masimulizi aliyoyapokea. Hata maasi ya 1964 si mambo ya jana tena: aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati ule, leo amepita miaka 75. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi anayengoja wasaa ajue ya kuwa wazee hawawezi kumngoja.

Tuwatazame wengine walioandika katikati ya shughuli. Shaaban Robert wa Tanga alikuwa karani wa serikali katika Tanganyika kwa zaidi ya miaka 30, tangu 1926. Mchana aliandika barua na hesabu za ofisi. Hata hivyo alituachia vitabu zaidi ya 20 vya mashairi, hadithi na insha. Hakungoja aache kazi ndipo awe mwandishi.

Tena yuko ndugu yetu katika imani, Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyesoma katika seminari ya Rubya, kisha akatumika kama karani na katekista. Aliona desturi za wazee wake zinasahaulika, akaziandika kwa lugha ya Kikerewe katika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945. Mpiga chapa hakupatikana upesi. Naye Kitereza, ingawa ugonjwa wa viungo ulimtesa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitolewa Dar es Salaam mwishoni mwa maisha yake; naye alifariki mwaka 1981. Mtu huyu alikuwa na magonjwa na misiba mingi nyumbani; wasaa hakuwa nao. Alikuwa na desturi ya kurudia kazi yake.

Mapadre wa zamani wa misheni zetu nao walikuwa na desturi kama hiyo. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza kila misheni iwe na kitabu cha habari za kila siku. Padre alirudi kutoka safari akiwa amechoka, lakini mistari michache iliandikwa: nani amefika, nani amefariki, mvua imenyeshaje. Mstari mmoja ni kitu kidogo. Mistari ya miaka mingi imekuwa hazina, na wataalamu wa historia huisoma mpaka leo.

Sasa tuje kwenye siku yetu wenyewe. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, nalo jua haliwahi wala halichelewi sana. Hiyo ni neema kwa mtu atakaye utaratibu. Jirani zetu Waislamu huigawa siku kwa sala zao tano, alfajiri mpaka isha. Nasi tuna sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwandishi na aifunge kalamu yake kwenye mojawapo ya saa hizo. Kwa mfano, mara baada ya sala ya asubuhi, kabla ya kwenda shambani au shuleni, akae nusu saa. Saa iliyofungwa kwenye sala haisahauliki upesi.

Nusu saa yatosha nusu ukurasa. Ukiandika nusu ukurasa siku sita za juma, utapata kurasa 3. Kwa mwaka mmoja kurasa zaidi ya 150. Hicho ni kitabu, nacho kimetoka katika muda ambao wengi huumaliza kwa maongezi barabarani.

Tena zitenge kazi mbili. Kukusanya kwafaa mchana, popote ulipo: uwe na daftari dogo mfukoni, uandike jina la msimuliaji, mahali na tarehe. Kutunga kwataka utulivu, na kwafanywa kwa saa yako. Usiku, taa ikikosa mafuta, usihuzunike. Lala ukifikiri sentensi ya kesho, ili asubuhi usianze kwa kuutazama ukurasa mtupu. Na wakati wa kulima na kupanda, punguza kazi lakini usiiache kabisa. Kiangazi, tangu Juni hata Agosti, ndicho chafaa kuwatembelea wazee wa mbali.

Jambo la mwisho ni la haki. Saa ya kalamu isiibwe kwa mwingine. Mume anayeandika huku mkewe akibeba peke yake maji, kuni na mtoto, ametumia wasaa wa mkewe. Wakubaliane nyumbani, na mama naye, akitaka kuandika nyimbo za bembelezi na dawa za bibi yake, apewe nusu saa yake, baba ashike mtoto.

Basi, msomaji mpenzi, jioni hii chagua saa yako uwaambie watu wa nyumbani mwako. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari andika tarehe ya leo, na chini yake jina la mzee mmoja. Jumapili, baada ya Misa, nenda ukamsalimu, ukae naye, umsikilize.