Kijana Mmisionari Katika Nchi ya Japani

Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni twazijua habari za Dk. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akajitia kujifunza Kiswahili. Lakini ni mara chache tunapouliza mmisionari mwenyewe huishije siku kwa siku katika nchi ya watu. Basi na tuitazame Japani, ambako Wakristo hawafiki hata wawili katika kila watu mia.

Mwezi wa Agosti, 1901, watu wanne kutoka Marekani, wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walishuka bandarini Yokohama wakiongozwa na Heber J. Grant. Mmoja wao, Alma O. Taylor, alikuwa kijana wa miaka 19. Alikaa huko hata mwaka 1910, na kazi yake kubwa ilikuwa kukifasiri Kitabu cha Mormoni kwa Kijapani, kikapigwa chapa mwaka 1909. Hata hivyo mavuno yalikuwa haba. Misheni ilipofungwa mwaka 1924, waliobatizwa hawakufika 200. Ilifunguliwa tena mwaka 1948.

Vijana wa kanisa hilo wangali wakienda Japani. Wanaume hutumika miaka miwili, na wanawake mwaka mmoja na nusu. Hawapati mshahara, gharama hutoka katika akiba yao na kwa jamaa zao. Hutembea wawili wawili, wala mmoja hamwachi mwenzake. Kwa desturi huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakasali na kusoma, kisha hutoka, wengi wao kwa baiskeli, ikiwa jua au theluji. Hufundisha Kiingereza bila malipo kwa wapendao. Siku moja katika juma ni ya kufua nguo, kununua chakula na kuwaandikia wazazi. Zamani waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Tangu mwaka 1919 ulipopita karne nzima, yaani mwaka 2019, wameruhusiwa kila juma.

Mzigo ulio mzito kupita yote ni lugha. Msomi wa Kijapani hutakiwa kujua alama za maandishi zaidi ya 2,000, mbali na alama za sauti. Tena kuna maneno ya heshima: asemavyo mtu na rafiki yake sivyo asemavyo na mzee. Mwenye nyumba akijibu mlangoni, "Kekkō desu," mgeni aweza kufurahi, maana neno hilo huwa na maana ya "vyema." Kumbe amekataliwa kwa adabu!

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kijana huvua viatu mlangoni, huinama kusalimu, huketi sakafuni hata miguu ikafa ganzi. Lakini hufika mahali asipoweza kufumba jicho. Mjapani humkaribisha mgeni kwa chai ya kijani, na dini ya kijana huyu yamkataza chai. Akiinywa, amevunja ahadi yake. Akiikataa vibaya, amemvunjia heshima mwenyeji wake. Hana budi kujifunza kueleza kwa upole, naye mwenyeji mara nyingi humletea maji, au kinywaji cha shayiri ambacho hakina katazo.

Yawezekana miaka yake ikaisha asibatize hata mtu mmoja. Je, amepoteza wakati? Wengine watasema ndiyo. Lakini amekwisha kujua lugha ya watu wengine, amezoea kukataliwa bila kukasirika, na amejua lipi la kuacha kwa ajili ya wenyeji na lipi la kushika. Hayo yamfaa kila mtu aendaye kufanya kazi ugenini, awe mhubiri, karani au bwana shamba.