Fuwele za leza: Likasi ianzie wapi?

Baadhi ya leza za kukatia chuma na za kutibu macho hutumia fuwele ya oksidi ya itiriamu na alumini iliyotiwa neodimiamu kidogo, takriban asilimia 1. Leza ya aina hiyo ilizaliwa Marekani, katika maabara za Bell, mwaka 1964.

Kuikuza fuwele hiyo ni kazi ya subira. Mchanganyiko huyeyushwa ndani ya chungu cha iridiamu, kwenye joto la nyuzi 1,970 hivi za Selsiasi, kisha mbegu ya fuwele huchovywa na kuvutwa juu ikizungushwa, chini ya milimita moja kwa saa. Atomu ya neodimiamu ni kubwa kuliko ya itiriamu, hivyo fuwele huikataa. Ukiharakisha, unapata kasoro. Baada ya kukatwa na kung'arishwa, hupimwa jinsi inavyonyonya mwanga wa nanomita 808 na muda inaobaki ikimeremeta, kama mikrosekunde 230. Neodimiamu ikizidi, mmeremeto hufifia mapema. Vipimo hivyo ndivyo humhakikishia mnunuzi ubora.

Likasi, mji wa Kongo (DRC), inaingiaje katika kazi hii? Wengi hutaja Shinkolobwe, mgodi jirani uliotoa urani ya mabomu ya Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1982 wataalamu walieleza madini mapya mawili kutoka huko: bijvoetiti yenye itiriamu, na lepersonniti yenye gadoliniamu. Lakini hizo ni chembe za makumbusho, zenye urani ndani yake, na mgodi ulifungwa mwaka 2004. Asidanganywe mtu akachimbe huko.

Mtaji wa Likasi ni kemia. Viwanda vya Shituru, mjini humo, vimeyeyusha shaba kwa asidi na kuisafisha kwa umeme tangu 1929. Metali adimu, kama itiriamu na neodimiamu, nazo hutenganishwa kwa asidi na viyeyusho, hatua baada ya hatua, mara nyingi mamia. China inashika takriban asilimia 90 ya usafishaji huo, na Aprili 2025 iliweka vibali vya kuuza nje metali saba, itiriamu ikiwemo. Hata mgodi wa metali adimu wa Gakara, nchini Burundi, ulipofanya kazi, makinikia yake yalisafirishwa ng'ambo.

Tanuri la fuwele lisitangulie. Mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni yako karibu, lakini umeme ukikatika mara moja, fuwele iliyokuzwa wiki nzima hupasuka. Kitangulie kitengo kidogo cha kutenganisha oksidi za metali adimu hadi usafi wa asilimia 99.99, pamoja na spektromita na mafundi wa kuisoma, waliofunzwa katika Chuo Kikuu cha Likasi.